Uzito haushuki na una tatizo la thairoidi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Anayegundulika na upungufu wa homoni za thairoidi huondoka kwa daktari akiwa na cheti cha dawa mkononi, na moyoni ana matumaini kwamba kilo zilizomvamia zitaondoka kama zilivyokuja. Miezi mitatu baadaye vidonge anameza, TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya tezi hiyo, imerudi mahali pake, na mizani iko palepale. Hapo kuna anayejiongezea dozi kimyakimya. Kuna anayenunua matone ya "kuamsha tezi". Kuna anayejinyima chakula mpaka nywele zinazidi kukatika, na kuna anayesema basi, mwili wangu ndivyo ulivyo.

Wote hao wamekosa kitu kimoja: mpangilio. Tezi hutibiwa kwanza mpaka itulie. Kisha hutafutwa visababishi vingine vinavyojificha nyuma yake. Chakula na mazoezi huja baada ya hapo. Anayeanza kujinyima huku homoni ziko chini anateseka bure, na anayeendelea kuilaumu tezi ilhali vipimo vimekaa sawa anapoteza miaka.

## Kilo ngapi ni za thairoidi?

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, imekaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Humwaga homoni mbili kwenye damu, T4 kwa wingi na T3 kwa uchache. Sehemu ya T4 hugeuzwa baadaye kuwa T3, na hiyo T3 ndiyo inayoziambia seli zichome nishati kwa kasi gani. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huchunguza kiwango cha homoni hizo na kutoa TSH kuihimiza thairoidi. Homoni zikipungua TSH hupanda, kama mtu anayezidi kupaza sauti kwa asiyesikia. Ndiyo maana TSH ya juu humaanisha tezi iliyolegea, jambo linalowachanganya wengi wanaposoma majibu yao.

Sasa kilo. Chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani, American Thyroid Association, kinakadiria kwamba upungufu wa homoni hizi huongeza kilo 2 hadi 5 hivi, kutegemea ukali wake, na sehemu kubwa ya uzito huo ni chumvi na maji, si mafuta. Kwa hiyo aliyeongezeka kilo 20 hawezi kuitwika tezi mzigo wote.

Lakini nisieleweke vibaya, mgonjwa hajidanganyi. Homoni zikiwa chini misuli inakuwa mizito, viungo vinauma, mtu analala kwa muda wa saa tisa nzima na kuamka amechoka, anasikia baridi wenzake wakiona joto, moyo unakosa hamu. Mtu wa namna hiyo hatembei alivyokuwa akitembea wala hachagui chakula alivyokuwa akichagua. Kilo zilizoingia kwa njia hiyo ni mafuta ya kweli. Dawa ya tezi haiziondoi. Inachofanya ni kukurudishia nguvu za kuziondoa mwenyewe.

Wapo pia waliopita upande wa pili: tezi ilikuwa ikitoa homoni nyingi mno, kama katika ugonjwa wa Graves, wakawa wanakula sana na bado wanakonda. Baada ya matibabu mwili unapunguza kasi ya kuchoma, ila hamu ya kula inachelewa kupata habari. Hao hunenepa haraka, na sehemu ya kilo hizo ni zile walizopoteza wakati wa ugonjwa.

## Hatua ya 1: Shika majibu yako mwenyewe na uyasome

Usikubali jibu la "tezi iko sawa" au "tezi haiko sawa". Omba nakala. Tafuta TSH na T4 huru (huandikwa "free T4" au "FT4"), pamoja na viwango vya kawaida ambavyo maabara imeviandika pembeni. Kwa mtu mzima asiye mjamzito TSH huwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi, ingawa maabara hutofautiana kidogo.

TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa chini, upungufu upo wazi na dawa inahitajika. Utata uko mpakani. Tuseme karatasi inasema TSH 6.1, T4 huru iko katikati kabisa ya kiwango, na mwenye karatasi ana kilo 94. Wengi wakiona 6.1 imewekewa alama nyekundu hupumua: kumbe ni tezi! Polepole. Kipimo cha namna hiyo kinatakiwa kurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, maana mara nyingi hushuka chenyewe. Zaidi ya hapo, unene wenyewe hupandisha TSH kidogo, na mtu akipungua nayo hushuka. Kumpa mtu huyu homoni kwa matarajio ya kumpunguza uzito hakuna tija inayoonekana. Daktari anaweza kuwa na sababu nyingine za kumtibu, kama vile ujauzito, kingamwili nyingi au dalili nzito, lakini kilo si mojawapo.

Kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya cha tezi, hupimwa mara moja tu. Zikiwepo, kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo ni ugonjwa wa Hashimoto, ambao kinga ya mwili huishambulia tezi taratibu. Umepewa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Kuzipima tena na tena kuona kama "zimeshuka" hakubadilishi matibabu. Vivyo hivyo na furushi la vipimo kumi linalouzwa kwa jina la "uchunguzi kamili wa thairoidi": kwa wengi TSH na T4 huru zinatosha.

Mambo matatu huharibu majibu bila mtu kujua. La kwanza ni bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha, ambayo kwa dozi kubwa huvuruga mashine za maabara na kutoa namba za uongo. Iache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu. La pili, usimeze kidonge cha tezi asubuhi ya kipimo. Kimeze baada ya damu kutolewa. La tatu, jitahidi upimwe saa zilezile kila mara, kwa sababu TSH hupanda usiku na kushuka mchana.

## Hatua ya 2: Hakikisha dawa inaingia mwilini

Kama kuna hatua moja inayostahili subira ya kupitiliza, ni hii. Levothairoksini, kile kidonge cha homoni ya tezi, ni dawa nzuri lakini ni dawa ya nongwa: ikikutana na kitu kingine tumboni hainyonywi vizuri. Wagonjwa wengi wanaoambiwa dozi haitoshi wana dozi ya kutosha inayoishia chooni.

Imeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kitu kingine chochote. Kahawa inahesabika kuwa kitu kingine, hata bila maziwa. Vidonge vya madini ya chuma, kalisi na dawa za kupunguza asidi tumboni vikae mbali nayo kwa saa nne. Dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazoli zinaweza kuongeza dozi unayohitaji, na vidonge vya estrojeni pia.

Asubuhi inayofanya kazi inakuwa hivi. Saa 12 kengele ya simu inalia, kidonge kiko kando ya kitanda pamoja na glasi ya maji, unameza na kuendelea na shughuli. Saa 1 unakunywa chai na kula. Kidonge cha chuma, kama unacho, kinasubiri chakula cha mchana. Asiyeweza utaratibu huo ameze usiku anapoenda kulala, mradi zimepita saa tatu au zaidi tangu mlo wa mwisho. Muhimu ni kuchagua njia moja na kubaki nayo; kuchanganya leo asubuhi kesho usiku ndiko kunakofanya TSH icheze.

Dawa isikae bafuni wala karibu na jiko. Unyevu na joto huidhoofisha. Ukibadilishiwa kampuni inayotengeneza, mwambie daktari, kwani huenda ukahitaji kipimo kipya.

Kuhusu kiasi, dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishwa chini sana, 12.5 hadi 25, kisha hupandishwa taratibu. Baada ya kila badiliko subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime. T4 hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha kwa takriban siku 7, kwa hiyo kipimo cha wiki ya pili kinakuonyesha dozi ya zamani na mpya zikiwa zimechanganyika.

Na hapa niseme kwa ukali: usijiongezee dozi ili upungue. Homoni ikizidi moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na kwa muda mrefu mifupa hupoteza uimara na mapigo ya moyo huweza kuvurugika, hali inayoweza kuleta kiharusi. Uzito unaopungua kwa njia hiyo ni pamoja na misuli. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaagiza onyo kuhusu jambo hili liwekwe kwenye maelezo ya dawa yenyewe: isitumike kutibu unene.

## Hatua ya 3: Watafute wanaojificha nyuma ya tezi

TSH imetulia kwa miezi mitatu au minne na uzito bado umeganda? Basi acha kuitazama shingo, tazama kiuno.

Chukua utepe wa kupimia. Simama, pumua nje kawaida, zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga. Wataalamu wa kimataifa wa kisukari huweka kikomo kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini au China ni 90. Kisha omba vipimo vya sukari ya kufunga, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu), trigliseridi (mafuta ya damu) na kolesteroli, na upimwe presha. Ukikutwa na matatu kati ya haya matano, yaani kiuno kipana, presha kuanzia 130/85, sukari ya kufunga kuanzia 5.6 (hii na namba zinazofuata ni kwa mmol/L), trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri ya HDL iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, una mkusanyiko ambao madaktari huuita sindromu ya kimetaboliki. Kiini chake mara nyingi ni usugu wa insulini: kongosho linatoa insulini, seli zinaipuuza, kongosho linaongeza, na insulini nyingi hufanya mafuta yawe magumu kutoka.

Ngozi nayo husema. Weusi mnene kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani, ambao watu husugua wakidhani ni uchafu, mara nyingi ni alama ya insulini iliyozidi.

HbA1c kati ya asilimia 5.7 na 6.4 ni hali ya kabla ya kisukari. Usiichukulie kama hukumu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo mwaka 2002, ulionyesha kuwa waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31.

Kolesteroli ina jambo lake. Upungufu wa thairoidi wenyewe huipandisha, kwa hiyo ikipimwa kabla tezi haijatulia inaweza kuonekana mbaya kuliko ilivyo. Uliza kama inafaa kurudiwa kabla ya kuanzishiwa dawa.

Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi, mwenye ndevu au chunusi za kidevuni, achunguzwe PCOS, yaani tatizo la homoni na ovari zenye vifuko vingi. Inaandamana sana na usugu wa insulini, na kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito mara nyingi huirudisha hedhi kwenye mstari.

Halafu toa dawa zako zote mezani. Prednisoloni, insulini, glibenklamaidi, amitriptilini, mitazapini, olanzapini, valproeti, sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, propranololi: zote zinaweza kuongeza uzito, nyingine kidogo na nyingine sana. Usiache hata moja kwa uamuzi wako; kuacha prednisoloni ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Lakini swali "ipo nyingine isiyonenepesha?" ni haki yako, na mara nyingi jibu ni ndiyo.

Usingizi watu huudharau. Anayekoroma kwa nguvu, anayeshtuka usiku kama anayekabwa, anayesinzia mchana kwenye kiti, huenda pumzi inakatika akiwa amelala. Uchovu wake unafanana kabisa na wa thairoidi, na nimeona watu wakifukuzia dozi ya tezi kwa uchovu uliokuwa wa kukosa hewa usiku.

Cha mwisho ni nadra, ila ni cha hatari: uso uliojaa mviringo, michirizi mipana ya zambarau tumboni, michubuko inayotokea bila kuumia, na mapaja yaliyodhoofu kiasi kwamba kunyanyuka kwenye kiti ni shida. Hiyo ni picha ya kotisoli, homoni ya msongo, iliyozidi, yaani ugonjwa wa Cushing, na inahitaji daktari bingwa wa homoni.

## Hatua ya 4: Pima unachokula kabla ya kukipunguza

Hapa ndipo wengi hukasirika, kwa hiyo naanza na ushahidi. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wanene waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Wengi kati yao walikuwa wametumia dawa za thairoidi. Watafiti walipima kwa vyombo nishati ambayo miili yao inatumia, wakakuta ni ya kawaida kwa watu wa miili ile. Chakula walichoandika kilikuwa pungufu ya walichokula kwa karibu nusu, wastani wa asilimia 47, na mazoezi waliyadhania kuwa mengi kuliko yalivyokuwa. Hawakuwa waongo. Macho ya binadamu hayapimi chakula vizuri, basi.

Kwa wiki mbili usibadilishe chochote. Nunua mizani ndogo ya jikoni, andika kila kinachoingia mdomoni, na uandike papo hapo badala ya usiku. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, na anayekadiria kwa jicho anapomimina chunguni hawezi kujua kama ni kijiko kimoja au vinne. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja vinakaribia kalori 190 kabla hujala kitu. Kiganja cha karanga kina kama 170. Onja-onja ya mpishi, mabaki ya mtoto, juisi: vyote vinaandikwa.

Mwisho wa wiki mbili utajua mahali penye tundu, na mara nyingi ni mahali pamoja au pawili tu. Kuziba hapo ni rahisi kuliko kubadilisha maisha yote.

## Hatua ya 5: Hesabu yako, kisha sahani yako

Kuna kanuni inayotumiwa sana kukadiria nishati ambayo mwili unachoma ukiwa umepumzika, ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Zidisha kilo zako kwa 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume ajumlishe 5, mwanamke atoe 161.

Mwanamke wa miaka 45, kilo 82, sentimita 160: 820 jumlisha 1,000, toa 225, toa 161, anapata kalori 1,434. Kama kazi yake ni ya kukaa, zidisha kwa 1.4, inakuwa 2,000 hivi kwa siku. Akila kati ya 1,500 na 1,600 anaweza kutarajia kupungua karibu kilo moja na nusu kwa mwezi. Tezi iliyotibiwa vizuri haiondoi maana ya hesabu hii. Isiyotibiwa ndiyo inayoiharibu.

Kwa nini asishuke mpaka 900 amalize haraka? Kwa sababu mwili ukinyimwa sana hupunguza kugeuza T4 kuwa T3. Yaani anajitengenezea kwa mikono yake upungufu uleule anaoutibu kwa vidonge. Watafiti waliwafuatilia washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito la Marekani, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba miaka sita baadaye miili yao ilikuwa bado inachoma takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Usishuke chini ya 1,200 bila daktari anayekusimamia.

Kwenye sahani, protini ndiyo ya kwanza kupangwa. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoutaka. Mwanamke wetu akilenga kilo 70, ni gramu 85 hadi 110 kwa siku. Yai lina gramu 6, gramu 100 za kuku au samaki aliyepikwa 20 hadi 30, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Protini inashibisha, inalinda misuli, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati iliyomo ndani ya protini yenyewe kuisaga, wakati wanga hugharimu 5 hadi 10 tu.

Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe protini. Robo iliyobaki ni ya wanga, na usiufute kabisa. Upunguze, chagua usiokobolewa, na uule baada ya mboga na protini, maana mpangilio huo hupunguza kupaa kwa sukari baada ya mlo. Nyuzi za mboga husaidia pia choo kigumu, kero ya zamani ya wenye thairoidi. Ila virutubisho vya nyuzi visimezwe pamoja na kidonge chako.

Kuhusu kabichi na jamii yake, kwamba zinaua tezi: kwa anayepata madini joto ya kutosha na anayezila zikiwa zimepikwa, kwa kiasi cha kawaida, hofu hiyo haina msingi. Hatari ya kweli iko upande wa pili, kwenye vidonge vya mwani na madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mwenye Hashimoto akizidisha sana anaweza kuizidishia tezi ugonjwa. Bidhaa za kusaidia tezi zinazouzwa bila cheti ndizo mbaya zaidi. Baadhi zimewahi kupimwa na kukutwa na homoni halisi ndani yake bila kutajwa.

## Hatua ya 6: Misuli kwanza, jasho baadaye

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Kwa mwenye thairoidi napindua orodha: anza na nguvu. Kukaa na kunyanyuka kwenye kiti, kusukuma ukuta, kubeba uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi na kubakiza pumzi. Misuli ndiyo sehemu kubwa inayonyonya sukari baada ya mlo, kwa hiyo inapambana na usugu wa insulini moja kwa moja.

Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula ni kuzuri kuliko kunavyosifiwa. Ukiona unaumwa mwili siku mbili baada ya kila zoezi, punguza nusu na uangalie TSH. Misuli inayogoma kupona wakati mwingine inalalamikia homoni.

## Hatua ya 7: Jua kusoma mizani, na jua umekwama lini

Jipime asubuhi baada ya haja, chukua wastani wa wiki, na ulinganishe wastani na wastani. Chumvi ya jana, hedhi inayokaribia au choo kigumu huweza kupandisha kilo moja au mbili kwa usiku mmoja, na hakuna hata gramu ya mafuta iliyoongezeka. Kiuno kipime mara moja kwa wiki mbili.

Kukwama maana yake ni wiki nne bila wastani wala kiuno kusogea. Kabla ya hapo ni maji. Ukikwama kweli, rudia kuandika chakula kwa wiki moja, piga hesabu upya kwa uzito wa sasa, na upime TSH kama imepita miezi sita. Usiukimbilie umri kama sababu: uchambuzi wa watu zaidi ya 6,400 uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kuwa kasi ya kuchoma nishati, ukizingatia ukubwa wa mwili, haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60.

## Hatua ya 8: Dawa za uzito na upasuaji

Si aibu kuzihitaji. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021, semaglutaidi ya sindano ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi ndani ya wiki 68. Tirzepataidi, mwaka 2022, ilifika karibu asilimia 20 kwa dozi kubwa. Ukiacha, sehemu kubwa ya kilo hurudi, kwa hiyo zihesabu kama dawa za muda mrefu. Zinakatazwa kwa mwenye saratani ya thairoidi ya aina ya medula, au ambaye ndugu yake wa damu ameipata, na kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa MEN 2. Hashimoto peke yake si kizuizi. Semaglutaidi ya kumeza huongeza levothairoksini inayoingia kwenye damu. Orlistati hufanya kinyume, na inatakiwa kukaa saa nne mbali nayo. Upasuaji wa tumbo nao hubadilisha unyonyaji wa kidonge, hivyo TSH hupimwa mara kwa mara baada yake.

Ukipungua sana kwa njia yoyote ile, dozi ya tezi iliyopangwa ukiwa na kilo 95 inaweza kuwa kubwa ukifika 80. Moyo ukianza kwenda mbio katikati ya mafanikio, usidhani ni furaha. Pima TSH.

Usisubiri miadi kama uvimbe wa shingo unakua haraka, sauti imekuwa nzito na hairudi, au kumeza kunakuwa kugumu. Mgonjwa wa tezi aliyeacha dawa akawa baridi, mzito wa kusema na anachanganyikiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwanamke anayetumia levothairoksini akigundua ana mimba aache mpango wa kupunguza uzito, awasiliane na daktari mara moja na asiache kidonge. Mahitaji ya homoni hupanda mapema sana, kwa kawaida kwa robo ya dozi au zaidi, na katika wiki za mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama yake tu. Aliyejifungua naye, akijiona amevimba, amechoka kupita uchovu wa kulea na kilo hazitoki, aombe TSH ndani ya mwaka wa kwanza. Tezi hupata uvimbe baada ya uzazi kwa baadhi ya wanawake, na mara nyingi hupona yenyewe ikifuatiliwa.